Pimamaji

Mvua ilikatika Jumatatu.
Leo Alhamisi, na maji bado yapo,
juu ya kitanda changu, juu ya dari,
juu ya zege lililomwagwa na serikali ambayo haipo tena.

Jumberi kapanda na pimamaji, chaki,
na kipande cha mkate mfukoni.
Hakusema neno. Aliinama
akauzungushia chaki ukingo wa dimbwi, taratibu,
kama fundi cherehani mbele ya kitambaa cha mteja mgumu,
kisha akaniita: Tsiala, njoo uuone ugonjwa wako.

Nikauona. Hatua saba kwa nne,
wenye shingo upande wa kusini.
Ndani yake mawingu ya Kutaisi, nyaya za simu,
na unyoya mmoja uliozunguka bila haraka.

Maji yamekaa kwa sababu paa limebonyea, akasema.
Na paa limebonyea kwa sababu maji yamekaa.
Wanaongezana kila mwaka,
kama wadeni wawili wanaokopeshana.

Miaka kumi na moja nimetega ndoo kando ya kabati.
Naijua sauti yake ikiwa tupu, ikiwa nusu,
ikiwa imebakiza vidole viwili kufurika, saa tisa usiku.
Usingizi wangu umeota masikio.

Nugzari wa ghorofa ya chini hakutaka kuchanga.
Paa ni lenu, alisema, mimi nina sakafu.
Nikamjibu maji hayasomi namba za milango.
Akaufunga wake.
Siku ya nne akaleta lari ishirini
ndani ya kiberiti kitupu
akaniomba nisimwambie mtu.
Basi, sijamwambia mtu.

Kazi yenyewe haina maajabu.
Kwanza kinywa cha bomba:
Jumberi alizamisha mkono hadi kiwiko
akatoa majani ya mforsadi yaliyogeuka tope,
kizibo cha chupa ya divai,
kamba ya kiatu,
na kipete cha bati cha mguu wa njiwa, namba kumi na nne.

Nilikisugua kwa ncha ya kanga yangu ya jikoni, la,
si kanga, aproni, ile ya maua aliyoichukia Gurami,
na hapo ndipo nilipolitambua umbo la dimbwi.

Banda lake lilisimama hapa.
Miguu minne ya chuma, njiwa sitini,
na magunia ya mahindi aliyoyapandisha mgongoni
ngazi kwa ngazi, akiapa kwamba daktari hajui kitu.
Baada ya maziko niliwauza njiwa.
Nikauza na chuma.
Uzito haukupata mnunuzi.
Ulibaki palepale, ukajaa maji.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nimeyazoa. Ndoo thelathini na mbili,
nikiyamimina bombani kwa mkono wangu,
nayo yakashuka ghorofa tano yakiguna ukutani
kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

Jumberi akapasua malengelenge ya lami kuukuu,
akalikausha zege kwa mwali wa gesi,
akaanza kulijaza bonde, mwiko baada ya mwiko,
kila mita ishuke upana wa kidole.
Nilimuuliza, nikijua ni upuuzi,
kama angeweza kuacha kidogo tu, pale penye shingo,
pa ndege kunywa.
Hakucheka. Akaweka pimamaji juu ya saruji mbichi,
akanionyesha kile kipovu cha hewa kikihangaika.
Huyu, alisema, hajui kidogo tu.

Jumamosi usiku ikanyesha, ile ya kuchapa.
Nililala chali, macho wazi.
Juu, kimya. Ukutani, maji yakipita zao.
Saa tisa nikaamka kwa mazoea,
nikapapasa ndani ya ndoo:
kavu, na vumbi kidogo chini.

Nikaisogeza nifagie.
Kisha nikairudisha.